Msumeno wa kona ukikata kombo: pa kuanzia kabla hujagusa boliti

Fremu ya kioo ya mninga, mbao zenye upana wa milimita 90. Kona tatu zimefunga hadi ukucha haupiti. Ya nne imeacha mdomo wa zaidi ya milimita 4. Hapo ndipo fundi huchukua spana, akalegeza boliti za meza ya msumeno wa kona (ule wa umeme unaoshushwa juu ya ubao kuukata kwa pembe), akasogeza "kidogo tu", na kuanzia siku hiyo mashine haijui tena pembe ya digrii tisini iko wapi.

Kona ya nne haina kosa la peke yake. Fremu ya pande nne ina mikato minane ya digrii 45. Kila mkato ukipotea robo ya digrii tu, kitu ambacho jicho halikioni, minane inakusanya digrii 2, na zote zinatokea pale unapofungia mwisho. Mkato wa 45 kwenye ubao wa milimita 90 una urefu wa milimita 127 hivi. Digrii 2 kwenye urefu huo ni milimita 4 na nusu. Ukianza kufunga kona nyingine kwanza, mdomo utahamia huko.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nikaze boliti ipi?" Swali ni: je, kosa linajirudia lilelile, au linahamahama? Chukua ubao mmoja ulionyooka, weka msumeno kwenye sifuri (mkato wa tisini), kata vipande vitano mfululizo bila kugusa kitu, kisha vipime vyote kwa skwea (kipimo cha pembe ya tisini). Vyote vikiwa kombo kwa upande uleule na kiasi kilekile, mashine imeachia mpangilio wake na boliti ndiyo dawa. Kimoja kikiwa sawa, kingine kimelalia kushoto, kingine kulia, acha spana ilale. Hapo kuna kitu kimelegea, au ni ubao, au bledi, au mkono wako. Ukirekebisha boliti kwa kosa linalohamahama unaongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Skwea yenyewe iko sawa?

Skwea iliyoanguka sakafuni mara moja haiaminiki mpaka ipimwe. Tafuta plaiwudi yenye ukingo wa kiwandani, egemeza skwea kwenye ukingo huo, chora mstari mwembamba kwa penseli iliyochongwa. Igeuze skwea upande wa pili, anzia nukta ileile, chora tena. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana kama herufi V, uwazi unaouona ni kosa la skwea mara mbili. Kwa skwea kubwa, weka alama milimita 300 upande mmoja na 400 upande mwingine. Kati ya alama hizo ipatikane 500 kamili.

Ukiwa huna skwea ya kuamini, ubao wenyewe unaweza kukupimia. Chukua wa inchi 1 kwa 6 ambao kingo zake mbili zimerandwa zikalingana upana mwanzo hadi mwisho. Ulaze, ukate katikati kwenye sifuri. Kipande kimoja kiache kilivyo, cha pili kigeuze juu chini, halafu viegemeze vyote kwenye ukuta wa nyuma wa mashine (chuma kilichosimama ambacho ubao huegemea) na uvikutanishe pale vilipokatwa. Vikifungana bila mwanga kupita, uko tisini. Vikiacha uwazi, kosa lako ni nusu ya uwazi huo. Uwazi wa milimita 1 kwenye ubao wa milimita 150 ni kama moja ya tano ya digrii. Kwa kenchi za bati hakuna atakayeona. Kwa fremu ya kioo ni nyingi.

Kosa linalohamahama

Anza na ubao, kwa sababu ndio unaolaumiwa mara chache na kukosea mara nyingi. Mbao nyingi za mninga na mkongo zinazofika karakanani hupasuliwa zikiwa mbichi na kukauka njiani au zimeegemezwa ukutani. Zinajipinda. Ubao uliopinda kama upinde, ukiuegemeza kwenye ukuta wa nyuma kwa upande wenye tumbo, unagusa nukta moja tu na unacheza. Mkono ukibonyeza kushoto unapata pembe moja, ukibonyeza kulia unapata nyingine. Randa ukingo mmoja unyooke kabla ya kukata, na huo ndio ukingo utakaoegemezwa kila mara, mkato wa kwanza hadi wa mwisho. Ubao uliojisokota kama parafujo hauna nafuu kwenye msumeno wa kona. Ukiushushia bledi, unabembea katikati ya mkato na kuibana, na kubana huko kunaweza kurusha kipande. Urudishe kwenye randa.

Kisha vumbi. Unga wa mbao hukusanyika pale meza inapokutana na ukuta wa nyuma, na karibu na bahari hauwi mkavu, unashikana kama uji uliokauka. Chembe ya nusu milimita iliyokaa kwenye kona hiyo, ubao ukiegemea juu yake, inakupotezea pembe. Futa kwa brashi kila baada ya mikato michache. Ni kazi ya sekunde mbili, na inashangaza ni mashine ngapi "mbovu" zinazopona kwa brashi.

Ubao mrefu ukining'inia nje ya meza huinua ncha ya pili, au husukuma pembeni. Tengeneza vigoda viwili vyenye kimo sawasawa na meza ya mashine, kushoto na kulia. Kimo kipimwe kwa rula ndefu iliyonyooka iliyolazwa juu ya meza hadi kwenye kigoda, si kwa macho.

Halafu mkono. Kwenye 45 bledi haisukumi ubao chini na nyuma tu. Inautelezesha pia pembeni, taratibu, kiasi cha milimita moja kufikia mwisho wa mkato. Vidole haviwezi kuzuia hilo, hata vya fundi wa miaka thelathini. Funga klempu. Kama ukuta wa nyuma umekuwa laini kwa kung'aa, gundisha kipande cha msasa wa namba 120 au 180 kila upande, unene uleule pande zote mbili, na mtelezo utaisha.

Ushushaji nao una utaratibu wake: washa, subiri mlio utulie (bledi imefika mwendo wake kamili), shusha polepole ukiuachia msumeno ule wenyewe, fika chini, achia swichi, subiri bledi isimame kabisa, ndipo uinue. Ukiinua ikiwa bado inazunguka, meno ya nyuma yanagusa uso wa mkato mara ya pili na kuacha mikwaruzo au kung'oa nyuzi pembeni. Ukishusha kwa nguvu, bledi nyembamba inajikunja katikati ya mbao ngumu. Unaona mkato umenyooka juu na umetoka nje chini. Watu wengi huita hilo "mashine imelala" na kwenda kulegeza boliti ya wima. Mashine haijalala, umeiharakisha.

Bledi

Hapa tukae kidogo, maana mbao zetu zina tabia zake. Mvule, mti ambao huko Rondo, mkoani Lindi, umevunwa kwa miaka mingi, una mawe ndani yake: madonge magumu ya chokaa yanayojijenga kwenye mti ukiwa hai. Jino likikutana nalo linabutuka au linameguka papo hapo. Msaji nao una mchanga laini kwenye nyuzi zake, hauonekani, lakini unakula makali ya jino kidogo kidogo. Mninga hauna ugomvi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ukiukata kwa bledi butu utapata moshi badala ya mkato.

Dalili za bledi iliyochoka: uso wa mkato umeungua rangi ya kahawia, msumeno unanguruma chini kuliko kawaida, inabidi usukume. Bledi butu hufuata nyuzi za mti badala ya kufuata mhimili wake, ndiyo maana inakata kombo leo kulia na kesho kushoto. Kabla ya kuipeleka kunolewa, isafishe, kwa sababu utomvu uliogandia kwenye meno unafanana kabisa na ubutu. Itoe, ilaze kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga kwa nusu saa, sugua kwa brashi ya meno, kausha mara moja kwa kitambaa. Ukiiacha na maji usiku mmoja huku pwani, Mikindani au Lindi mjini, asubuhi utakuta kutu. Ipake mafuta mepesi, kisha uyafute yote ili yasichafue mbao.

Idadi ya meno nayo ni muhimu. Kwa bledi ya milimita 255, meno 24 hadi 40 ni ya kukata kwa haraka mbao za kenchi. 60 inafaa kazi za kila siku. 80 ni ya fremu, urembo wa milango na kona zinazoonekana. Angalia pia mlalo wa jino. Bledi za msumeno wa mkono wa umeme zina meno yaliyoinamia mbele sana, na kwenye msumeno wa kona zinauvuta ubao na kuupandisha. Zitafute zilizoandikwa mlalo kati ya −5 na +5.

Tundu la katikati lilingane na shafti. Bledi nyingi zina tundu la milimita 30 na baadhi ya mashine zina shafti ya 25.4, zinahitaji ringi yake ya chuma. Ringi ya bati la kopo iliyokatwa kwa mkasi inaifanya bledi izunguke nje ya mhimili. Hiyo si suala la usahihi tu, ni hatari.

Kupima kama bledi inayumba: chomoa plagi. Si kuzima swichi, ni kuchomoa. Shusha mkono wa mashine, ufunge chini. Simamisha kipande cha mbao karibu na bapa la bledi, chini kidogo ya meno, ukibane kwa klempu kiasi kwamba karatasi moja inapita kwa shida. Zungusha bledi kwa mkono. Ikigusa upande mmoja na kuachia upande wa pili nafasi ya karatasi mbili au zaidi, inayumba. Weka alama kwa chokaa pale inapogusa. Fungua nati (kwenye mashine nyingi za aina hii inafunguka kwa kuzungushwa upande wa kukazia nati za kawaida, kwa hiyo usining'inie kwenye spana kabla ya kusoma mshale), futa washa zote mbili kubwa (ringi bapa zinazoibana bledi) hadi chuma kionekane, rudisha bledi ukiwa umeizungusha nusu mzunguko kwenye shafti. Pima tena. Alama ya chokaa ikiendelea kuwa ndiyo inayogusa, bledi imepinda na haifai. Mguso ukihamia upande mwingine wa bledi, tatizo liko kwenye shafti au washa. Mara nyingi ni punje ya utomvu uliogandia nyuma ya washa ya ndani.

Ukimaliza na bledi, shika mpini, mkono wa mashine ukiwa chini, na uutikise kushoto na kulia kwa vidole viwili. Ukisikia mchezo, kaza boliti ya bawaba ya nyuma, robo mzunguko kila mara. Ukomo ni pale mkono unapoanza kusita kupanda wenyewe. Hapo rudisha kidogo. Kwa mashine zenye reli za kuteleza, kutu na vumbi kwenye reli huleta mchezo uleule. Safisha, paka mafuta mepesi, futa. Grisi usiweke, inakamata unga na kuwa msasa.

Umeme pia unaingia. Mashine ya wati 1,800 inavuta karibu ampea 8 kwenye volti 230. Ekstensheni ya mita 50 yenye waya wa milimita za mraba 0.75 inakula volti 19 njiani, na jioni ambapo umeme wenyewe umeshapungua, mota inazunguka kwa uvivu na bledi inaanza kufuata nyuzi. Tumia waya wa 2.5, mfupi kadiri inavyowezekana, na uukunjue wote. Ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake unapata moto.

Kosa linalojirudia

Sasa spana. Plagi iko nje, bledi ni safi, mkono wa mashine hauchezi.

Kwanza ukuta wa nyuma. Mara nyingi una vipande viwili, kushoto na kulia kwa bledi, na vinatakiwa viwe mstari mmoja. Laza rula ya chuma juu ya vyote viwili na uangalie mwanga. Visipolingana, upande mmoja utakata sawa na mwingine kombo, na hakuna mshale wa digrii utakaokuambia kwa nini. Legeza boliti za alenki za ukuta, sogeza, kaza.

Pili, weka mashine kwenye kituo cha sifuri, pale inapojifunga yenyewe kwa mlio. Shusha mkono, weka skwea: mguu mmoja ukutani, mwingine kwenye bapa la bledi. Skwea ikae katikati ya jino na jino. Jino ni pana kuliko bapa, na ukiigusisha nalo utasoma uongo. Kuna mwanga? Legeza boliti za ukuta zote isipokuwa moja iliyo karibu na bledi, zungusha ukuta juu ya hiyo moja mpaka mwanga ufe, kisha kaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, ukuta unajivuta. Baadhi ya mashine hazisogezi ukuta, zinasogeza sahani yenye namba za digrii kwa skrubu tatu au nne. Kanuni ni ileile.

Kata ubao, fanya jaribio la kugeuza. Usiamini skwea pekee. Tisini ikipatikana, vituo vya 45 vya kushoto na kulia hufuata vyenyewe, kwa kuwa vimechongwa kwenye sahani moja. Ikiwa 45 ya kushoto ni sawa na ya kulia si sawa, tazama kama kuna unga ulioshindiliwa kwenye tundu la kituo.

Tatu, wima. Simamisha ubao wa inchi 2 kwa 4 kwa ukingo, ukate, kisha kipande kimoja kigeuze ukingo wa juu uwe chini, uvikutanishe. Uwazi juu au chini unaonyesha bledi imeinama. Nyuma ya mkono kuna kitasa cha kulegezea, na karibu nacho boliti mbili ndogo zenye nati: moja huzuia kwenye sifuri, ya pili kwenye 45. Legeza nati, zungusha boliti ya sifuri kidogo, funga, kata, pima. Tarajia kurudia mara tatu au nne.

Mwisho kabisa, mshale. Ni wa bati na skrubu moja, na wengi huanza nao. Ukishapata tisini ya kweli ndipo uusogeze usome sifuri. Mshale unafuata mashine, mashine haifuati mshale.

Pembe ziko sawa na kona bado iko wazi

Pima urefu. Pande zinazotazamana zikitofautiana hata milimita moja, fremu haifungi hata kama kila pembe ni 45 kamili. Usipime kila kipande kwa futi. Funga kizuizi cha mbao kwenye meza kwa klempu, kata vyote viwili kwa kukigusisha hapo. Kizuizi kichongwe kona ya chini kidogo ili unga upate pa kukaa, na kiwe upande wa kipande ulichokibana, kamwe si upande wa kipande kinachobaki huru: kikikwama kati ya bledi na kizuizi kitaruka. Mdomo wa futi unaocheza kidogo haujaharibika. Unacheza kwa unene wake wenyewe, ili kipimo cha ndani na cha nje vilingane. Usiupige nyundo.

Kama unazungushia ukuta wa nyumba, ukuta wenyewe haudai tisini, hasa nyumba za zamani za mawe na chokaa za Mikindani. Pima pembe ya ukuta, itoe kwenye 180, gawa kwa mbili. Kona ya digrii 93 inataka msumeno uwekwe 43.5, si 46.5, wengi hukosea hapo. Kwa nusu digrii ambayo mashine haina kituo chake, ingiza karatasi kati ya ubao na ukuta wa nyuma: karatasi moja ya kawaida, iliyowekwa milimita 100 kutoka pale ubao unapogusa, inageuza pembe kwa takriban moja ya ishirini ya digrii. Tano zinakupa robo ya digrii na kidogo zaidi.

Na kuna unyevu. Ubao hupungua upana ukikauka, urefu haubadiliki wa kuhesabika. Fremu ya milimita 90 iliyofungwa vizuri wakati wa mvua Mtwara mjini, ikapelekwa nyumba kavu Masasi na kupungua hadi 88, itafunguka karibu milimita 3 upande wa ndani wa kila kona huku nje pamebana. Ukiona mdomo wa ndani kwenye kona zote nne kwa pamoja, usiguse msumeno, ubao ulikatwa mbichi. Mdomo ukiwa nje kwenye zote nne, ubao umevimba. Kwa kazi itakayokaa bara, randa mbao kwa unene wa karibu, zipange zikiwa na vijiti katikati kwenye chumba kikavu wiki kadhaa, pima upana kwa futi kila wiki, na zikate pale vipimo viwili vya mfululizo vitakapolingana.